Kinywaji cha Rangi Mbili cha Mama Dobi

Mama alikuwa dobi wa hoteli kwa miaka thelathini na mmoja. Alifua mashuka, taulo na vitambaa vya meza mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto, na hapakuwa na doa asilolijua. La kahawa alilitoa kwa maji ya moto yaliyomiminwa kutoka juu, la mvinyo alilikimbilia na chumvi, na lile jekundu la vinywaji vya sherehe, ambalo liliwashinda wafuaji wengine, yeye alilibembeleza kwa siki na subira. Alipostaafu walimpa cheti na taulo sita. Cheti akakitundika ukutani, taulo akazigawa.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, mchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Wa pili wa kike, na huyo kwao walizoea kumwita Daktari ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mtoa dawa, yule anayekaa nyuma ya kidirisha cha hospitali akikwambia viwili asubuhi, viwili jioni, usinywe na maziwa. Lakini ndugu zako wakishakuona na koti jeupe, hiyo imeshakwisha, wewe ni daktari mpaka ufe.

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini, Daktari alimwuliza anataka nini siku hiyo. Alitegemea kuambiwa kitenge, au kiti kizuri cha kupumzishia mgongo. Mama akasema anataka kile kinywaji cha rangi mbili. Chekundu chini, cha njano juu, na kipande cha tunda kimekaa ukingoni mwa glasi kama ndege kwenye waya.

Akaeleza kwamba kwa miaka yote ile vinywaji hivyo vilipita mbele ya pua yake. Kila sikukuu, kila harusi, yeye yuko kwenye ujia wa nyuma na kikapu cha mashuka, na wahudumu wanampita na trei wakimwambia mama pisha. Kesho yake vitambaa vinaletwa, anakutana na madoa yake. Mara moja ililetwa glasi nzima imesahaulika kwenye toroli la nguo chafu, haijaguswa. Akaishika, akaitazama, akaimwaga kwenye sinki.

"Sikutaka kuonja kwa kuiba," alisema. "Nilitaka nipewe." Halafu akamkazia bintiye macho. "Na iwe yenyewe. Usinichanganyie juisi ukaniambia ndiyo hiyo. Natimiza sabini, si saba."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kinywaji chenyewe kilikuwa na ramu, na ndani ya ukoo huo pombe haikuwa jambo la kutajwa hivi hivi. Cheche alikuwa amekunywa miaka kumi. Alikunywa kwanza kama watu wengine, kisha akanywa kuliko watu wengine, kisha pombe ikaanza kumnywa yeye. Alikunywa mashine yake ya kuchomelea, akanywa mlango wa chuma ambao mteja alikwisha kuulipia, na siku ya mazishi ya baba yao alifika makaburini akiyumba, wanaume wawili wakamshika kwapani asije akamfuata marehemu kaburini. Siku ile Daktari hakulia kwa ajili ya baba tu.

Baadaye Cheche aliacha. Hakutangaza. Alianza kwenda kila Jumatano kukaa na wanaume wengine walioacha, kwenye darasa moja la shule ya msingi, magoti yakigonga madawati ya watoto. Sasa ilikuwa imefika miaka miwili na miezi minne. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Daktari alikuwa hajaacha kushtuka. Kila walipokutana kwenye shughuli, macho yake yalikuwa mikononi mwa kaka yake. Akichelewa kutoka msalani, roho yake inaruka.

Alipiga moyo konde akaamua kufanya mambo mawili kwa pamoja: atamtengenezea mama kinywaji chenyewe, na Cheche hatajua. Kutakuwa na mitungi miwili ya kioo, mmoja una ramu, mwingine hauna. Chupa aliinunua mtaa wa mbali asikojulikana, akaileta nyumbani ndani ya gazeti kama mtu aliyeiba kuku.

Jioni mbili mfululizo alijifunza. Alikamua machungwa na nanasi, akachemsha maji ya komamanga na sukari mpaka yakawa shira nzito, akapima kila kitu kwa vikombe vidogo vya plastiki vya kupimia dawa ya kikohozi. Mara ya kwanza alikoroga, na ikatoka rangi ya maji ya kusuuzia sufuria. Mara ya pili alitanguliza shira na kumwagia juisi kwa pupa, ikawa vilevile. Mara ya tatu akakumbuka kazi yake. Kuna dawa zimeandikwa tikisa kabla ya kutumia, na kuna ambazo ukizitikisa umeziharibu. Akajaza barafu, akatia juisi, akatulia. Kisha akaiteremsha shira polepole kwa kuifuatisha ukuta wa glasi, akaondoa mkono. Kizito kikashuka chenyewe. Wekundu ukalala chini, njano ikabaki juu, na katikati pakawa na rangi kama ya anga kabla jua halijatoka. Akajikuta anaipigia makofi glasi, peke yake jikoni.

Jumamosi yenyewe wageni walialikwa saa tisa alasiri. Cheche na mkewe wakafika saa saba. Cheche alikuwa amebeba bonge la barafu kwenye gunia, na nyundo. Daktari alisikia sauti yake mlangoni, na kabla hajafikiri alikuwa amekwisha kuitumbukiza chupa ya ramu kwenye pipa la mchele na kuifukia.

Akampokea kwa uchangamfu uliozidi. Akamshukuru kwa barafu, akamwomba akaipondee uani, kisha apange viti, kisha aangalie bawaba ya geti, kisha arudi kwenye viti maana havijakaa sawa. Kila kaka yake alipokanyaga kizingiti cha jikoni, mazungumzo yalikatika. Cheche alisimama kidogo, akatazama uso wa dada yake, akatazama mitungi iliyofunikwa kwa kitambaa, akarudi nje.

Mkewe hakuwa mtu wa kuzungushwa. Aliinua kile kitambaa, akanusa, akauliza. Daktari akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Wifi, mwambie mwenyewe," alisema wifi yake. "Pombe anaiona kila wiki. Kule karakana kwao wanakunywa mbele yake kila Jumamosi. Ukimficha ndiyo unamwumiza."

Daktari akaahidi atamwambia. Baadaye kidogo, shughuli zikipungua. Lakini mambo ya baadaye unayajua.

Alizijaza glasi kumi na mbili, akazipanga kwenye trei kubwa, sita na sita. Zenye ramu alizivisha kipande cha chungwa ukingoni. Zisizo na ramu alizivisha kipande cha ndimu. Hata mtu asiyejua kusoma hawezi kukosea, alijiambia. Kisha mama akaita kutoka chumbani kwamba zipu ya gauni imegoma, naye akaenda kumsaidia.

Hakukaa huko dakika kumi. Ila dakika kumi zilitosha kwa shangazi yao kuingia jikoni. Shangazi huyu, dada wa marehemu baba, alikuwa mshona mapazia, na hakuweza kuona kitu hakilingani akakiacha. Akaona glasi nusu zina chungwa na nusu zina ndimu. Akasikitika jinsi wasichana wa siku hizi wasivyomaliza kazi. Akachukua kisu, akakata machungwa na ndimu zilizokuwa mezani mpaka akazimaliza, na kila glasi akaivisha kipande cha chungwa na kipande cha ndimu, ubavu kwa ubavu. Kisha akazizungusha kwenye trei mpaka ndefu na fupi zikapangika vizuri, akainyanyua, akatoka nayo sebuleni kwa madaha.

Daktari aliingia sebuleni amemshika mama mkono. Wageni wakasimama wakapiga vigelegele. Majirani walikuwepo, na yule mpiga pasi aliyefanya kazi na mama hotelini miaka yote ile. Daktari alikuwa anatabasamu mpaka macho yalipoangukia trei. Glasi zote sawasawa, zote chungwa na ndimu. Na glasi ya kwanza ilikuwa mkononi mwa Cheche, kwa sababu alikuwa karibu na mlango na shangazi alianza kugawa kuanzia mlangoni.

Alianza kujipenyeza kati ya wageni, bado amemshika mama mkono. Alimwona kaka yake akiinua ile glasi kuelekea kwa mama, kama mtu anayesema hongera, kisha akiishusha kuelekea midomoni. Ikafika. Ikasimama. Matundu ya pua ya Cheche yakatanuka kidogo. Alibaki hivyo kitambo, ambacho pengine hakikuzidi pumzi mbili, lakini Daktari alikihesabu kama mwaka. Kisha Cheche akaiweka glasi kwenye kizingiti cha dirisha, taratibu, asimwage hata tone. Akageuka akamtazama dada yake. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Akafungua mlango, akatoka.

Daktari alimwachia wifi yake mkono wa mama na kumfuata. Uani hakukuwa na mtu. Geti lilikuwa wazi. Barabarani watoto walikuwa wanaruka kamba, na alipowauliza wakaonyesha upande wa chini, upande wa kona, na kwenye kona ile palikuwa na baa. Ndiyo baa iliyokunywa mashine ya kuchomelea.

Alitembea, kisha akakimbia, na viatu vya sherehe si vya kukimbilia. Njiani alijilaani kwa kila lugha aliyoijua. Yeye ambaye kazi yake yote ni kubandika jina sahihi kwenye chupa sahihi, yeye ambaye alikuwa hajawahi kumpa mgonjwa dawa ya mwingine, leo amemwekea kaka yake sumu kwenye trei na kuipamba na chungwa. Na kwa nini? Kwa sababu aliona aibu ya maneno matano. Kaka, leo kutakuwa na ramu. Hayo tu.

Ndani ya baa palikuwa na giza la mchana na redio. Wanaume wanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Akachungulia mpaka upande wa nyuma. Mwanamke wa kaunta alikuwa anafuta meza, akamtambua.

"Unamtafuta kakako? Huyo ana zaidi ya miaka miwili hajakanyaga hapa. Tulidhani amehama mji."

"Hata leo? Sasa hivi?"

"Dada, kiti chake tulishampa mtu mwingine."

Daktari alishika ukingo wa kaunta. Alitamani kumkumbatia yule mwanamke juu ya chupa zake. Lakini alipotoka nje kwenye jua, akili ikaanza tena. Baa si hiyo tu. Mtu anayetaka kunywa hachagui mlango. Akasimama katikati ya njia asijue aelekee wapi, ameshika viatu mkononi.

Ndipo alipomwona. Cheche alikuwa anapandisha barabara kutoka upande wa dukani, taratibu, na mfuko wa plastiki unaning'inia kila mkono. Alipomfikia alitazama miguu mitupu ya dada yake, akatazama baa nyuma yake, akaelewa.

"Umeingia humo?"

"Nimeingia."

"Umenikuta?"

Daktari alitingisha kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe. Cheche akafungua mfuko mmoja kumwonyesha. Ndimu, nyingi, na chupa za soda ya tangawizi, na machungwa juu yake.

Wakakaa juu ya ukuta mfupi wa jirani. Cheche akasimulia bila haraka. Alisema hakuonja, harufu ilimfikia kabla ya kinywaji. Alisema aliogopa, hatamdanganya, na aliona akibaki sebuleni watu wote watamtazama yeye badala ya mama. Akatoka. Akampigia simu mmoja wa wale wa Jumatano, ambaye alimwuliza maswali mawili tu: umekunywa, na mikono yako ina kazi? Alipomjibu hapana na hapana, akamwambia basi itafutie mikono kazi. Cheche akakumbuka shangazi akisema, alipomkabidhi glasi, kwamba ndimu zimekwisha jikoni. Akaenda dukani. Akapita mbele ya baa, upande wa pili wa njia, akasikia redio ileile. Akapita.

"Nisamehe," Daktari alisema. "Nilitaka kukuambia."

"Tangu nimefika nakuona unavyotaka." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mdogo wangu, sikia. Pombe nimeizoea kuwa adui yangu, najua inapokaa. Nyinyi mkinyamaza nikiingia, hapo ndipo napotea. Nakuwa sijui niko nyumbani au kituo cha polisi. Niambie tu. Niambie kaka, leo ipo, iko kwenye mtungi huu. Nitajua pa kusimama."

Daktari alimwambia hapohapo, japo alikuwa amechelewa. Alimweleza habari ya mama na ujia wa nyuma na glasi iliyomwagwa kwenye sinki. Cheche hakuwa anaijua habari hiyo. Akajifuta uso kwa bega la shati.

"Basi mama apate chake," alisema. "Chenyewe kabisa. Twende."

Walikuta sherehe imesimama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, mikono mapajani, na glasi zote kumi na mbili zimerudishwa kwenye trei. Hakuna aliyethubutu kuonja. Mama alikuwa amewaambia kwamba amengoja miaka thelathini na mmoja, atashindwaje kuwangoja wanawe nusu saa? Shangazi alikuwa amekaa pembeni amejikunyata, maana wifi alikuwa amekwisha kumweleza alichokifanya, na alikuwa analia kwenye upande wa khanga. Cheche akapita kwake kwanza, akainama, akamwambia glasi zilikuwa zimependeza sana.

Barafu ilikuwa imeyeyuka na rangi zote zimekuwa moja. Cheche akaitazama trei, kisha akaitazama mama. Akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia, "Hizi za kumwaga. Tunaanza upya. Dada atatengeneza zenye ramu huko jikoni, mimi natengeneza zisizo na ramu huko uani. Anayetaka hizi aje kwangu, anayetaka zile aende kwake. Hakuna cha kunong'onezana."

Sebule nzima ilishusha pumzi kwa pamoja. Daktari hakuwa amejua kwamba na wengine walikuwa wameibana miaka miwili na miezi minne.

Ikawa kazi kwelikweli. Uani nyundo iligonga barafu, ndimu zikakamuliwa na mikono iliyozoea chuma mpaka zikabaki maganda matupu, na Cheche, ambaye hakuwahi kupika hata chai, alisimama nyuma ya meza kama ameajiriwa. Jikoni Daktari aliifukua chupa kutoka kwenye mchele mbele ya macho ya watu, bila gazeti. Alipima, akajaza, akaiteremsha shira kwa kuifuatisha ukuta wa glasi.

Akampelekea mama glasi ya kwanza. Mpiga pasi akasogea karibu kuikagua, akatoa ushuhuda kwamba ndiyo yenyewe, haina kasoro. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama chini, akaitazama juu. Akanywa mara moja, akafumba macho. Akanywa mara ya pili.

"Mama, vipi?" Daktari aliuliza.

"Kumbe," alisema mama. Akalamba midomo. "Kumbe ndiyo maana wale watu walikuwa wanamwaga hovyo kwenye vitambaa. Hiki kitu hakitaki haraka." Akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni na kisu cha ndimu. "Na cha kwako nitaonja. Usidhani nimekusahau."

Akaonja na cha Cheche, akasema ni kitamu, ila kama ataambiwa achague, yeye atabaki na cha dada yake. Cheche alicheka mpaka akaegemea mwimo wa mlango. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya mambo yote, na mkewe alipokisikia aligeukia dirishani kurekebisha pazia ambalo halikuwa na tatizo.

Alasiri ikaenda. Meza ya uani ikawa na wateja wengi kuliko jikoni, maana majirani wengi hawakuwa wanywaji, na soda ya tangawizi ikaisha mara mbili. Shangazi alipewa kazi ya kupamba glasi za pande zote mbili, uso wake ukakunjuka. Mama alikunywa glasi mbili, ya tatu akaikataa mwenyewe, akaanza kumweleza jirani namna ya kutoa doa la komamanga kwenye kitambaa cheupe.

Daktari alikuja kukaa jua likiwa limeshuka kwenye ukuta wa uani, miguu imevimba, sahani mapajani. Alikuwa amekula nusu ya chakula chake alipogundua kitu kimoja. Ilikuwa imepita saa nzima, pengine na zaidi, na hakuwa amemtazama kaka yake mikononi. Hakujua hata alipokuwa. Akainua kichwa bila haraka. Cheche alikuwa getini na yule mpiga pasi, wamechuchumaa wote wawili mbele ya bawaba, akimweleza kwa vidole mahali chuma kilipochoka na namna atakavyokwenda kumtengenezea na geti la kwake Jumatatu. Daktari akarudi kwenye sahani yake, akamalizia chakula.